Kuuliza Si Ujinga: Rubani Mgeni na Sisi wa Kitivo cha Lugha

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, katika auditoria iliyojaa hadi wengine wakakaa madirishani, mwenzetu mmoja alinyoosha mkono akamwambia mwalimu kwamba hakuelewa. Mwalimu hakukasirika. Alitabasamu, akatamka methali: "Asiyejua maana, haambiwi maana." Tulicheka sana. Nami nilicheka. Mwenzetu yule aliketi, na sikumbuki kumwona akinyoosha mkono tena hadi mwaka ulipoisha. Tangu siku ile, kila tulipoulizwa "Mmeelewa?", auditoria nzima ilijibu kwa sauti moja: "Ndiyo, Profesa."

Ninaanza na kisa hicho kidogo ingawa makala haya yanahusu ndege. Msomaji atauliza ndege na fonetiki vinakutana wapi. Dai langu ni hili: ndege ya abiria inapotua katika kiwanja ambacho marubani wake hawakijui, usalama wake unategemea, kuliko tunavyodhani, swali moja kuulizwa mapema na kwa maneno yanayoeleweka. Kama ni hivyo, basi jambo hili linatuhusu sisi watu wa lugha. Tena linatuhusu vibaya, kwa sababu mazoea tunayoyalea darasani ni yale yale yanayoua angani: kuitikia "ndiyo" wakati moyoni ni "sijui".

Kwanza tuelewane kuhusu ugeni wenyewe. Rubani anaweza kuwa na uzoefu wa miaka ishirini na bado akawa mgeni. Anaijua ndege yake kama mtu anavyojua nyumba yake, lakini hajui kilima kilicho nyuma ya kiwanja hiki, wala upepo unaobadilika hapa saa za jioni, wala taa za mtaa zinazofanana na taa za barabara ya kutulia. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambalo sisi tumezoea kuliita OACI, hazimruhusu aende kipofu. Zinataka nahodha awe amejifunza njia na kiwanja anakokwenda: umbo la ardhi, kimo ambacho haruhusiwi kushuka chini yake, hali ya hewa ya majira, utaratibu wa kukaribia na kutua. Kwa viwanja vigumu hujifunza kwa mashine ya kuigiza safari, au huenda kwanza pamoja na nahodha mwenyeji wa pale. Kwa viwanja vingine husoma ramani na maelezo tu. Yote hayo ni maandishi na michoro, na yule anayejua mambo ya leo, ya saa hii, ni mwenyeji aliye kwenye mnara. Ujuzi wake humfikia mgeni kwa njia moja tu, nayo ni maneno ya redio.

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda mbali kuona jinsi jina la mahali linavyoweza kuwa zito. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6 iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilitoka Léopoldville kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, ili akutane na Moïse Tshombe kuhusu vita vya Katanga. Ilianguka msituni, kilomita kama 15 hivi kutoka kiwanjani. Watu wote 16 walipoteza maisha, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Sababu ya ajali hiyo bado inabishaniwa. Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, amepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuifuatilia, na dhana ya kwamba ndege ilishambuliwa haijafutwa. Mimi si mtu wa kuamua. Nataja tu dhana moja miongoni mwa nyingi zilizowahi kupimwa: kwamba huenda marubani walitumia ramani ya kutulia Ndolo, kiwanja kilichopo Kinshasa, badala ya Ndola. Ndolo iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na Ndola iko juu ya mita 1,200. Hata kama dhana hiyo si kweli, watu wazito waliona inastahili kupimwa. Kati ya majina hayo mawili kuna tofauti ya irabu moja tu.

Sasa nichukue kisa ambacho uchunguzi wake ulikamilika. Tarehe 20 Desemba 1995, usiku, ndege Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa ikitoka Miami kwenda Cali, mji wa Kolombia uliomo katika bonde refu lenye milima pande zote mbili. Nahodha alikuwa amefika Cali mara kadhaa. Rubani msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege, hakuwahi kufika. Walikuwa wamechelewa kuondoka kwa saa karibu mbili. Rada ya pale haikuwapo, kwa sababu waasi walikuwa wameiharibu miaka iliyotangulia. Mwongozaji wa ndege aliwajua marubani kwa sauti zao tu, na alijua mahali walipo kwa maelezo yao wenyewe.

Kwa ukarimu, mwongozaji aliwapa njia ya mkato: upepo umetulia, mnaweza kutua moja kwa moja kutoka kaskazini bila kuzunguka. Walikubali. Kutoka hapo kila kitu kikawa cha haraka: kushuka upesi, kutafuta ramani nyingine, kuingiza njia mpya katika kompyuta. Nahodha alitaka kuelekea kituo cha redio cha Rozo, karibu na kiwanja. Kwenye ramani kituo hicho kilikuwa na herufi R. Aliandika R kwenye kompyuta, nayo ikachagua kituo kingine chenye herufi hiyo hiyo, Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya kilomita 200 upande wa mashariki. Ndege iligeuka kufuata amri iliyopewa, ikaingia milimani gizani. Marubani wakawa wanaulizana wao kwa wao wako wapi. Walipojaribu kurudi bondeni walikuwa wamekwisha kushuka mno. Kati ya watu 163 waliokuwamo, 159 walikufa.

Ripoti ya uchunguzi iliweka lawama kubwa juu ya maamuzi ya marubani, nami sina ujuzi wa kuipinga. Lakini kuna jambo ndani ya uchunguzi huo ambalo kila mwanafunzi wa kitivo hiki angepaswa kulijua. Mwongozaji alieleza baadaye kwamba baadhi ya maombi ya marubani wale hayakumwelea. Hayakuoana na mahali alipodhani wapo. Alisema kwamba kama wangekuwa wasemaji wa Kihispania angewauliza zaidi na kuwaambia kwamba ombi lao halina maana. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha misemo ya kazi tu. Alikuwa na shaka sahihi, kwa wakati sahihi, na hakuwa na lugha ya kuitamka. Upande wa pili, marubani nao, ambao Kiingereza kilikuwa lugha yao ya nyumbani, hawakumwambia sentensi nyepesi kuliko zote: hatujui tulipo, tupe muda. Pande zote mbili ziliendelea kujibizana kwa adabu. Aliyekosa maneno alinyamaza, na wenye maneno tele nao walinyamaza.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba yangu mdogo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mnara wa kiwanja kimoja cha nchi hii, ambacho sitakitaja. Nilipomsimulia kisa cha Cali alitikisa kichwa, akaniambia: "Mwanangu, huyo mtu ninamfahamu." Akanieleza jioni moja ya mvua, walipokuja marubani wa ndege ya mizigo kutoka mbali, ambao sauti zao hakuwahi kuzisikia. Kila alilowaambia walilirudia sawasawa, kama kanuni inavyotaka. Lakini walilirudia kama mtoto anayekariri. Alitaka kuwauliza kama wamewahi kufika pale, na kama wanajua kuna kilima upande wanaopenda kugeukia. "Niliweza kuwaambia washuke, wapande, wageuke," alisema. "Swali lile nilikuwa nalo kinywani, lugha yake sikuwa nayo." Ndeke ile ilitua salama. Yeye, hata hivyo, alirudi nyumbani usiku ule bila hamu ya kula, na miaka mingi baadaye bado anakumbuka mvua ilivyokuwa ikipiga vioo.

Baba mdogo alinifundisha pia jambo ambalo linafaa somo lolote la pragmatiki. Neno "Roger", ambalo sinema zimetufanya tudhani ni "sawa, nimekubali", kwenye redio ya ndege lina maana moja tu: nimepokea yote uliyosema. Halisemi kwamba nimeelewa, wala kwamba nitatekeleza. Kutekeleza kuna neno lake. Maagizo mazito hayajibiwi kwa "Roger" hata kidogo. Lazima yasomwe tena neno kwa neno, na aliyeyatoa ayasikilize na kuyasahihisha. Wenye kazi yao waligundua zamani kwamba "ndiyo" ni jibu la hatari. Sisi katika auditoria bado tunaridhika nalo.

Yupo atakayesema kwamba tatizo ni msamiati tu, na kwamba Kiingereza kizuri kingemaliza mambo. Sikubaliani naye, na ushahidi wangu ni New York. Tarehe 25 Januari 1990, ndege Boeing 707 ya Avianca ilifika huko kutoka Kolombia, ikazungushwa angani kwa saa moja na zaidi kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Mafuta yalikuwa yakiisha. Nahodha hakukimudu Kiingereza, akamtegemea rubani msaidizi. Kwa Kihispania alimwambia awaeleze kwamba wako katika dharura, akamuuliza tena kama amewaeleza, naye akajibu kwamba amewaeleza. Kumbe kwenye redio alisema, kwa upole, kwamba mafuta yanaisha, na kabla ya hapo waliomba kipaumbele. Neno lenyewe la dharura halikutamkwa. Kwa waongozaji, ambao jioni ile walisikia ndege nyingi zikilalamika, maneno hayo hayakuwa na uzito wa kusimamisha mengine yote. Injini zilizimika, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Kijana yule alikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema neno hilo. Kilichokosekana hakimo katika kamusi: uwezo wa kumkatiza mkubwa asiyemfahamu, mwenye haraka, na kumwambia wazi kwamba hatuwezi kungoja.

Pingamizi la pili ni la mashine. Siku hizi, wanasema, ndege ina ramani ya milima ndani yake na sauti ya kuonya. Ni kweli, na vifaa hivyo vimeokoa watu wengi, namshukuru aliyevibuni. Lakini ndege ya Cali nayo ilikuwa na kifaa cha aina ya zamani, na kililia sekunde kumi na chache kabla ya kugonga mlima. Vifaa vya leo huonya mapema zaidi, na bado ni onyo la mwisho. Mazungumzo yanaweza kuokoa dakika kumi kabla. Tena tusisahau kwamba mashine ndiyo iliyotii herufi R bila kuuliza. Ni mwanadamu peke yake ambaye angeweza kusema: ngoja, una maana R ipi?

Pingamizi la tatu linaniuma zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wapenzi wa Kiswahili kama mimi. Wanauliza: mbona tusidai Kiswahili kwenye redio za ndege zetu, badala ya kujinyenyekeza kwa Kiingereza? Kanuni ya OACI inaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza, na hapa kwetu Kifaransa kinasikika angani kila siku. Jibu langu ni kwamba redio ile si mazungumzo ya watu wawili. Wote walio kwenye mawimbi hayo wanasikiliza, na usalama wao unatokana na kusikia mambo ya wengine. Mwezi Mei 2000, kwenye kiwanja cha Charles de Gaulle, Paris, mwongozaji alizungumza Kifaransa na ndege moja ya abiria, na Kiingereza na ndege ndogo ya mizigo ya Waingereza. Hiyo haikuwa ajali ya kutua, bali ya kuruka. Marubani Waingereza hawakuelewa kwamba ile nyingine imekwisha kuruhusiwa kuondoka, wakaingia kwenye njia yake. Bawa lilipasua chumba chao, na mmoja wao akafa. Wachunguzi walitaja matumizi ya lugha mbili miongoni mwa mambo yaliyochangia. Kuongeza lugha ya tatu kwa ajili ya fahari si kuipenda lugha hiyo. Kiswahili kina kazi yake kiwanjani, nami nitaitaja hivi punde.

Pingamizi la mwisho ni kwamba haya ni mambo ya wahandisi na shule za marubani, si ya wasomi wa fasihi na isimu. Hapo ninawaomba wasomaji watazame OACI yenyewe inapima nini. Tangu mwaka 2003 imeweka ngazi sita za ujuzi wa lugha kwa marubani na waongozaji wa safari za kimataifa, na anayeshika kazi lazima afikie angalau ngazi ya nne. Vipimo vyake ni sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, wepesi wa kusema, ufahamu na mwingiliano. Nani katika nchi hii anafundisha mambo hayo sita kama si sisi? Na ukisoma maelezo ya ngazi ya nne, kwenye kipimo cha mwingiliano, utakuta kwamba mtu anatakiwa aweze kushughulikia kutoelewana kwa kuhakikisha, kuthibitisha na kuomba ufafanuzi. Yaani kuuliza. Jambo ambalo mwenzetu alichekwa kwa ajili yake katika mwaka wa kwanza ni sharti la kupewa kibali cha kuzungumza na ndege.

Nchi yetu inajua uchungu wa kutua. Mwaka 2011 peke yake, tarehe 4 Aprili, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikitoka Kisangani ilianguka Kinshasa ikitua katika dhoruba, na kati ya watu 33 aliokoka mmoja tu. Tarehe 8 Julai mwaka huo huo, Boeing 727 ilianguka Kisangani, nayo ikiwa inatua katika hali mbaya ya hewa, na makumi ya watu wakafa. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyoua siku hizo; dhoruba ni dhoruba. Nasema kwamba katika nchi ambayo barabara zake haziunganishi miji, ambapo Bukavu, Kindu, Kalemie na Lubumbashi hukutana angani, na ambapo marubani wengi hutoka mbali na lugha zao, hatuna ruhusa ya kuliona swali hili kuwa dogo.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa kitivo bila kungoja fedha za nje.

La kwanza ni somo la nusu mwaka juu ya lugha ya kazi zenye hatari, kwa Kiingereza na Kifaransa, likifundishwa pamoja na waongozaji wa ndege waliostaafu. Wapo mjini, na wengi wao wangekuja kwa furaha. Humo mwanafunzi ajifunze kusema kitu kimoja kwa maneno machache yasiyo na pambo. Sisi tuliofunzwa kupamba sentensi tutaona jinsi ilivyo kazi ngumu.

La pili linahusu Kiswahili. Wanaopakia mizigo, wanaojaza mafuta, wazimamoto wa kiwanjani na walinzi wa njia ya ndege huzungumza Kiswahili wao kwa wao, huku maagizo yao yameandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo waende kusikiliza maneno wanayotumia watu hao, wayakusanye, watengeneze faharasa ambayo wenyewe wataitambua. Kazi hiyo itakuwa na faida kuliko uchambuzi wa kumi na mbili wa riwaya ile ile.

La tatu ni gumu zaidi, kwa sababu halihitaji karatasi yoyote. Katika mitihani ya mdomo, mtahini atoe makusudi agizo moja lisiloeleweka au lenye kosa. Mwanafunzi atakayesema "ndiyo" apoteze alama. Atakayesema "Samahani, Profesa, sijaelewa, je, una maana hii au ile?" apewe alama hizo. Najua wapo watakaoona ni utovu wa heshima. Lakini kuna heshima ya kunyamaza na heshima ya kuuliza, na mwenye kumheshimu mkubwa wake kweli hamwachi apotee huku anamwitikia.

Mwenzetu wa mwaka wa kwanza sikuwahi kumwomba radhi. Aliacha masomo, akarudi kwao, na sidhani kama anakumbuka kicheko changu katikati ya vicheko mia mbili. Lakini ninaandika haya nikijua kwamba alichotaka kujua siku ile nami sikukijua, na kwamba nilifanya mtihani wa mwisho wa mwaka nikiwa bado sikijui. Nilipata alama za kutosha. Hakuna aliyeniuliza.